Uzee wa Kupikwa

Baba alikuwa mchongaji, na mimi ndiye niliyezizeesha kazi zake. Alichonga kibarazani kwetu Magomeni, nami nikazitundika juu ya mafiga na kuzipiga moshi wa vifuu vya nazi hadi zifanane na vitu vya mababu. Zilikuwa sura za kuvaliwa kwenye ngoma ya mapiko, ambazo kwetu Wamakonde mwanamke haruhusiwi hata kuzigusa. Mimi nilisonga ugali chini yake. Wazee walijua, wakanyamaza, maana nao walikula.

Mnunuzi alikuwa Mzungu aliyefikia Shangani, mtaa wa ufukweni mjini kwetu. Kazi mpya hakuitaka. Mpya kwake ilikuwa kuni.

Siku moja aliiona sura ya mama ukutani. Mama alifia Kitaya, tulipovuka Ruvuma kukimbia vita vya Wareno, na picha hakuwahi kupigwa. Baba alimchonga kwa kumbukumbu: chale za mashavuni, kisahani cha ndonya kwenye mdomo wa juu, na lile jicho lake la kukuona mwongo kabla hujasema. Hiyo haikuwa ya kuuzwa. Mzungu aliishika muda mrefu, akauliza ina umri gani. Baba, kwa fahari ya kijinga, akasema ameichonga mwenyewe mwaka jana. Mzungu akairudisha ukutani. Alisema ni nzuri, ila haina historia. Vya zamani ndivyo vinavyowekwa kwenye majumba ya Ulaya, watu wakaja kuvitazama.

Baba hakula jioni ile. Kesho yake aliileta jikoni, akaniamuru niitundike. Nilimsihi, nikalia, nikamwambia hatuna mama mwingine.

"Hapa atatazamwa na nani?" akasema. "Na wewe na kuku?"

Iliposhika masizi, aliifukia penye mchwa. Alipoifukua aliiona bado nzima mno, basi akachukua tezo, akalibandua sikio la kushoto na kuipasua ndonya. Alifanya taratibu, kama anayemnyoa mgonjwa.

Mzungu aliporudi hakuitambua; alifurahi hata akaketi chini. Akauliza ni nani aliyeichonga. Baba akajibu kwamba hajulikani, alikufa zamani sana.

Nilimchukia baba hadi alipozikwa, na sijaacha. Sura aliyokuwa nayo mama imenitoka kabisa. Nikimkumbuka sasa, ananijia na masizi usoni, hana sikio.