Neti Ikienda, na Watoto Wanaenda

Neti mpya ina harufu yake. Ukichana pakiti inakupiga puani, kali, kama dawa ya wadudu iliyochanganyika na nguo ya dukani, na mama zetu wote walitufundisha kwamba huilalii siku hiyo hiyo. Unaitundika kwanza kivulini ipigwe na upepo mpaka ukali upungue. Kwetu Ifakara mtoto anajua kuchomeka pindo la neti chini ya mkeka kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Watu wengine wakisikia harufu ile wanakumbuka malaria. Mimi nakumbuka uwanja wa bibi yake Salma, mwezi ule tulipomaliza darasa la saba, na moshi wa pumba za mpunga uliokuwa unatoka kwenye tanuri la matofali la jirani, na kelele za watoto wadogo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewaalika.

Salma nilikaa naye dawati moja tangu darasa la tatu. Alikuwa mpole, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo, na aliishi na bibi yake nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, kwenye nyumba ambayo ukiingia mchana unakuta vumbi la pumba limelala hata juu ya kifuniko cha mtungi. Baba yake alikuwa analima Masagati, huko mbele ya Mlimba, mbali kiasi kwamba sisi tulikuwa tunaitaja kama watu wanavyotaja nchi nyingine. Mwaka ule ikaamuliwa kwamba mtihani ukiisha, Salma na bibi yake wanahamia huko moja kwa moja. Mtihani tunafanya Jumatano na Alhamisi, Jumamosi wao wanapanda treni. Salma aliniambia hayo wakati wa mapumziko, tunakula mihogo ya kukaanga, kwa sauti ya mtu anayesema kesho kuna mvua. Mimi sikumalizia muhogo wangu.

Hapo ndipo likaja wazo la kulala pamoja. Shule ya jirani wanafunzi wao wa darasa la saba walikuwa wanakaa kambi, wanalala darasani wanajisomea, na kila tukikutana nao njiani walikuwa wanatutambia: sisi jana tumecheka, sisi jana tumepika, ninyi mnalala na mama zenu. Yetu haikuwa na kambi. Nikasema basi, sisi tutafanya yetu siku ya Ijumaa, baada ya mtihani, wasichana wote wa darasa, usiku mmoja tu, na tutaiita Kambi ya Mwisho. Kila mtu alipenda. Lakini mimi moyoni nilikuwa na mtu mmoja. Kama Salma hayupo, wengine wote walale wapendavyo, mimi ningebaki nyumbani.

Mimi ni mtu nisiye na subira, nimezaliwa hivyo. Jioni ile ile nilikuwa nimeshagawa kazi. Huyu mchele, yule mafuta, wale wanaoishi karibu na wavuvi walete perege, Theresia aazime spika ya kaka yake, na wa Michenga walete togwa kwa sababu mama zao wanajua kuipika ikatulia. Mwalimu mkuu nilimfuata ofisini kuomba darasa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Mkishaweka kalamu chini Alhamisi, ninyi si wanafunzi wangu tena. Ni watoto wa mama zenu." Nikatoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa katekista wa kigango chetu, mzee mcheshi, naye akatukubalia ukumbi wa kigango mradi tuufagie na mama wawili walale nasi. Wavulana waliposikia wakasema na wao watalala uwanja wa mpira bila hata mkeka, wanaume hawana mambo mengi. Wiki ikawa haijaisha nina ukumbi, nina chakula, nina mama wawili. Kilichobaki ni bibi yake Salma.

Bibi alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti ndogo ambayo watu wazima waliinama kidogo kuisikia. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikapiga goti, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba bila kusimamisha ungo. Nikaeleza. Akasema, "Hapana, mwanangu," na akaendelea kupepeta. Nikarudi siku ya pili na mama yangu. Wakasalimiana sana, wakaulizana habari za mashamba na magoti, bibi akatutolea pepeta, ule mchele mchanga uliokaangwa na kutwangwa, iliyobaki tangu mavuno, tukatafuna. Kisha akamwambia mama, taratibu tu, kwamba baba wa mtoto alimkabidhi Salma akiwa hajui hata kujifunga khanga, na sasa zimebaki siku chache amrudishe. "Siwezi kumlea miaka yote hii, halafu nimpoteze kwenye usiku mmoja wa kucheza. Halali nje ya macho yangu." Mama akasema kweli, bibi. Njiani nikamwambia mama, yaani umekubali upesi hivyo? Akanijibu, "Ulitaka nipigane na bibi wa watu?"

Salma mwenyewe hakulalamika. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Bibi akishasema, kasema," aliniambia, na akarudi kwenye hesabu zake za asilimia. Basi mimi nikaenda mara ya tatu, peke yangu, nikiwa nimejaa hasira ya kitoto ambayo inafanana sana na ujasiri. Safari hii bibi akaniambia nikae. Akaniuliza huo mpango wenyewe ukoje, maana kila siku namwomba mtoto lakini sijamweleza anakwenda kulala vipi. Nikafurahi! Nikamweleza mchele, perege, togwa, ukumbi, mikeka, spika, mama wawili, nani atafagia na nani atachota maji. Nilieleza kama mkuu wa wilaya. Bibi alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila kitu. Nilipomaliza akauliza, "Na neti?"

Mpaka leo nikikumbuka swali lile nasikia masikio yanapata moto. Sisi tumekulia kando ya bonde ambalo maji yakijaa mbu wanaimba kama mota, tumesoma nyimbo za neti tangu chekechea, na katika wasichana wote wale, na mama wawili, na katekista, hakuna aliyekumbuka neti. Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba neti kwetu si kitu cha kubeba. Ipo pale juu ya kitanda kama paa lilivyo juu ya nyumba, na nani akienda kutembea anafikiria kubeba paa? Bibi hakunicheka. Alisema tu, "Spika mmeikumbuka." Hilo lilitosha.

Kisha akasimama, akashika kiuno, akatazama uwanja wake kama anaupima. Akaniambia wao zamani msimu wa kulima walikuwa wanahamia bondeni familia nzima, wanalala huko miezi, na neti zilikuwa zinafungwa kwenye kamba moja ndefu, mti hadi mti, kama nguo zilizoanikwa. Uwanja wake una minazi miwili na nguzo za banda la kuku. Maturubai ya kuanikia mpunga yapo, watu wa mashine watamwazima. "Kila mtoto aje na neti yake," akasema. "Mlale hapa. Mimi nitakaa mlangoni. Macho yangu yatakuwepo, na wewe utaacha kunisumbua." Nadhani nilikimbia mpaka nyumbani bila kumuaga, maana Salma alinitania kwa hilo siku mbili. Katekista tukampa taarifa, akasema heri, ameokoa ukumbi wake.

Mtihani ukaja ukapita. Sikumbuki swali hata moja. Nakumbuka Ijumaa mchana tunafunga kamba, Salma yupo juu ya kiti, mimi nimeshika miguu ya kiti, bibi anatuelekeza kwa fimbo: vuta, legeza, hapo, si hapo. Maturubai yakatandikwa, mikeka juu yake. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya mashine, wasichana wakaanza kuingia, kila mmoja na neti yake imekunjwa kwapani. Na nyuma ya kila mmoja, watoto.

Wa kwanza alikuwa Theresia na wadogo zake wawili. Nikamuuliza, "Hawa wanakuja kusindikiza?" Akasema, "Wanakuja kulala." "Kulala wapi?" "Kwenye neti. Mimi nalala nao, si unajua? Mama kasema neti ikienda, na watoto wanaenda." Kabla sijajibu akaingia mwingine, ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Halafu wa Michenga, wana ndoo ya togwa kichwani na kundi zima miguuni. Mama zao walikuwa wameambiana kisimani, neno moja likapita nyumba zote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pale nimetoa macho wakati mama yangu alipotokea na mdogo wangu Happy, aliyekuwa chekechea, amevaa gauni la kanisani. "Neti umeichukua asubuhi," mama akasema. "Huyu alale na mbu?"

Nilikasirika nikataka kulia. Hii ilikuwa ya darasa la saba! Ilikuwa tuongee mambo yetu, tucheze muziki, niwe na Salma mara ya mwisho, na sasa uwanja mzima ulikuwa kamasi na vilio na mtoto mmoja ameshakalia bakuli la kachumbari. Nikamfuata Salma jikoni nikamwambia wamekwisha kutuharibia. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameziba mdomo, anacheka mpaka machozi. "Shoga," akasema, "bibi alikataa mtoto mmoja asiende kulala kwa watu. Sasa ona amelaliwa na Ifakara nzima." Nikachungulia nje. Bibi alikuwa katikati ya maturubai, watoto wamemzunguka, anamfuta mmoja pua kwa pindo la khanga na kumuuliza baba yake nani. Uso ule sikuwahi kuuona. Nikacheka na mimi, sikuwa na namna nyingine.

Tulikula kwenye masinia, wali na perege wa kuchemsha, wadogo wakalishwa kwanza. Spika ya Theresia iliimba kidogo ikaisha chaji, na hakuna aliyeijali, kwa sababu watoto walikuwa wamegundua kwamba neti nyingi zikifungwa kwenye kamba moja zinakuwa nyumba nyingi, na walikuwa wanatembeleana, wanapiga hodi. Kulikuwa na za bluu, nyeupe, moja ya kijani, na ile yetu mpya niliyogawiwa shuleni bado inanuka dawa, mpaka Salma akasema mbu wa uwanja mzima watakufa kwa ajili yetu. Wavulana tuliwaona kwa mbali wanapita na mashuka yao mabegani, wanarudi makwao, wanajipiga mapaja. Theresia akawaita, "Wanaume, vipi, uwanja umejaa?" Wakaongeza mwendo.

Mambo makubwa niliyopanga kumwambia Salma sikuyasema. Happy alilala katikati yetu, amenyoosha mikono, huku mkono kwangu, huku mkono kwa Salma, na kila tukianza kunong'ona anaamka kuuliza tunasemaje. Asubuhi niliamka mapema kuliko wote. Umande ulikuwa umelowesha neti zote, zimelegea, zinang'aa, na ndani yake unaona vivuli vya watu waliolala hovyo hovyo. Bibi alikuwa bado mlangoni kwenye kiti chake, amejifunika, macho wazi. Akaniona nikimtazama, akaweka kidole mdomoni, nisiwaamshe.

Siku hiyo hiyo wakapanda treni. Sisi tukatawanyika sekondari mbalimbali, wengine Mang'ula, wengine Mahenge, na sasa nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo, kazi ambayo kwa mtu wa aina yangu ni adhabu. Darasa letu lina kundi la WhatsApp, jina lake Kambi ya Mwisho. Tangu Novemba tunajadili kukutana. Tumejadili tarehe, tumejadili ukumbi, sare, mpiga picha, nani awe mwenyekiti wa kamati. Kila mtu ana simu na hakuna kilichofanyika. Zamani hatukuwa hata na kitochi, na wiki moja ilitosha. Sisemi zamani ilikuwa bora, mbu walikuwa wale wale. Ila wakati ule tulipanga tukiwa tumesimama mbele ya mtu, na mtu akikukatalia unarudi kesho.

Juzi Salma akanipigia. Bibi yupo, mzima, hasikii vizuri tu. Salma mwenyewe ana cherehani sasa, anashona sare za shule, na analima na baba yake. Nikaanza kumweleza habari za kamati. Akanikatiza. "Wewe si ndiye uliyekuwa huna subira? Panda treni uje. Barabara ya kutoka stesheni ina tope lakini inapitika. Uje na neti yako."

Kwa hiyo leo asubuhi nimeifungua neti kwenye kamba zake. Ni ile ile, imefifia, ina viraka viwili, harufu yake imebaki ya kwetu tu. Happy sasa yupo darasa la nne, shule zimefungwa, na bado tunalala wote. Alikuwa amekaa kitandani ananitazama.

"Unaipeleka wapi?"

"Masagati. Kwa Salma."

Akateremka, akainama, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda. Nikamuuliza na yeye anakwenda wapi. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Neti si inaenda?"

Nikamwambia ashike pindo la upande wake, tukunje.