Gitare Yenye Haikupaswa Kupona

Harufu ya risasi, ile ya kuungia waya, ikiyeyuka, mimi inanirudisha utotoni. Juzi nilikuwa nimekaa ndani ya kaduka ka simu ka mkwe wangu hapa Greyville, ninakula zangu karanga. Akawasha chuma chake cha kuchomea, moshi ukanijia puani, nikaweka karanga chini.

Hakuwa anachomea simu. Juu ya meza ililala gitare bas, ile ya sauti nene, ya zamani ya kanisa, imepasuliwa tumbo kama kuku. Kle yake moja, kile kisikio cha kukazia kamba, imevunjika, na za namna ile hazitengenezwi tena. Mkwe amezunguka Durban yote. Amepanda mpaka Morningside kwa mzungu mmoja mzee mwenye kujaza magitare ya zamani ndani ya garaji. Mzungu akatikisa kichwa tu. "Eish, Koko," mkwe ananililia mimi bibi ya watoto wake, na ile sauti yake ya mtu mwenye kunyimwa chai, "hii kitu haiko! Durban haiko, Joburg haiko!" Nikamwambia, basi shukuru Mungu, usiipate haraka. Akacheka. Ni kweli ninamtania kila siku, lakini ile siku hapana. Sogeeni, niwaambie ninyi.

Papa yangu alikuwa anapiga bas ndani ya orkesta, kule kwetu Uvira. Gitare yake ilikuwa nyekundu, nzito kama mtoto mwenye kushiba, na alikuwa anaipangusa na shati yake ya Jumapili. Siku kle ilivunjika, alipanda lori aende kutafuta ingine Bujumbura. Ni wakati waasi walikuwa wamejaa barabarani. Lori haikurudi. Alirudi shoferi peke yake, kwa miguu, bila viatu. Akasimama mlangoni kwetu, akamwangalia Mama, Mama akamwangalia, akaenda zake bila neno. Mama akachota unga, akapika bugali. Tulipouliza, akasema: "Papa iko anatafuta kle." Sisi watoto tukala, tukalala.

Sasa, kwetu mwanaume akikufa, ndugu zake wanakaa matanga, na matanga ikiisha wanagawana: nyumba, kitanda, masufuria, na mjane naye, kama kiti. Papa mukubwa, kaka ya Papa, alikuja mbio. Alikuwa mtu wa kukohoa mbele ya kila neno, na maneno yenyewe yanatokea puani.

"Khm! Shemeji. Mdogo wangu amekufa. Khm! Tukae matanga."

Mama alikuwa na sauti laini, kama unga unapita kwa chekeche. "Nani amekufa, shemeji? Mume wangu iko anatafuta kle. Si gitare yake hiyo hapo ukutani?"

"Khm! Njia ya mwongo ni fupi!"

"Ya mwongo, ndiyo. Ya mwenye kutafuta kifaa ni ndefu."

Majirani wakacheka. Wazee wa ukoo wakakuna vichwa, wakakata shauri: maiti haiko, shoferi hasemi kitu, basi tungoje mpaka shida yenye ilimpeleka iishe. Gitare ikipona na mtu hajarudi, tutamlilia.

Basi Papa mukubwa akaanza kuitafuta ile kle yeye mwenyewe. Muone mzee wa watu na tumbo lake, hajui wimbo hata mmoja, anazunguka kwa wanamuziki: "Khm! Kle ya bas, mnauza?" Akaipata. Akatuma salamu kwamba Jumapili anakuja.

Jumamosi nilimkuta Mama na gitare juu ya mapaja. Alikuwa ameifungua, na kisu cha vitunguu anakata waya wa mikro, kile kidude cha chini ya kamba chenye kinasikia sauti. Gitare ya Papa! Nilimchukia. Nilikataa chakula cha mkono wake, nikawa ninakwenda kula kwa majirani kama paka.

Jumapili Papa mukubwa akaifunga kle. Mama akamshukuru, akamchinjia kuku. Alipomaliza kunyonya mifupa, Mama akasema polepole: "Lakini, shemeji, na mikro je? Si imekufa?" Khm! Alipoleta mikro, kidaraja cha kamba kikawa kimepotea. Alipoleta kidaraja, kamba nene ikakatika. Ikaenda hivyo miaka. Yule mzee akaijua gitare kuliko wapigaji, na sisi, chini ya lile paa, tukang'oka meno, tukaota mengine.

Mwisho akaja bila salamu, na fundi, na boksi ya sauti, na betri ya motokari. Mama alikuwa na mikono ndani ya maji ya vyombo. Fundi akayeyusha risasi, akaunga waya zote, nyumba ikajaa ule moshi. Akavuta kamba nene. Ikanguruma, vikombe vikatetemeka mezani.

Mimi mjinga wa Mungu nikafurahi! Nikakimbia mpaka barabarani, nikaweka mkono juu ya macho, nikaangalia upande wa Bujumbura. Gitare imepona, si Papa anarudi leo? Nyuma yangu nikasikia kilio cha Mama. Majirani wakanipita wakikimbia kuingia kwetu.

Ndugu za Papa walimnyoa Mama kichwa, kama mjane. Wakachukua nyumba, kitanda, masufuria. Yeye alikataa kurithiwa. Tukaenda kwa dada yake na mkeka mmoja. Gitare aliibeba Papa mukubwa. Mama alilia mpaka sauti ikakauka, na Papa mukubwa anamwambia: "Khm! Inatosha, shemeji. Ni nyumba tu." Sisi watoto pia tulifikiri analilia nyumba.

Nimekuja kuelewa hapa Durban, nikiwa mtu mzima, siku mume wangu alikufa kwa kazi yake ya bandarini. Wamama wa kanisa walinitandikia godoro chini, wakanishika huku na huku: "Lia, mama, lia." Nikalia kama mnyama, nikauma blanketi, na hakuna mtu aliyeniuliza habari ya paa. Pale pale juu ya godoro nikamwona Mama. Alijua tangu shoferi aliposimama mlangoni. Angetoa chozi moja tu mbele ya jirani, tungelala nje.

Mimi nilimlilia mume wangu siku ile ile. Mama yangu alingoja mpaka gitare ipone.