Kijiti Nyuma ya Jiwe la Udhu

Haya nayaeleza mwenyewe, maana nikimwachia mke wangu, Bi Mwanaidi, atatia chumvi mpaka yasilike, na aibu niliyoipata siku ile ya posa inanitosha ilivyo.

Mimi shule niliionja tu. Niliuza maji kwa mkokoteni Mji Mkongwe, madumu nikiyapandisha ngazi za watu, na kwa jasho hilo nikajenga Tunguu, nikapanda ukoka mbele ya nyumba (jirani akaniuliza nafuga nini, nikamwambia nafuga macho yangu). Lakini ukoka ni mlevi wa maji, na pampu ya kisima ikawa inakula umeme hadi nikauchukia ubichi wenyewe. Ndipo Khamis, fundi wa Fuoni, ambaye nilijua fika anamtaka binti yangu Salma, akanifungia kisanduku ukutani na kijiti cha chuma katikati ya majani. Kijiti kinapima unyevu, akanieleza. Ardhi ikikauka kisanduku kinafungua maji, ikiwa imerowa kinanyamaza.

"Ila kijiti usikihamishe, mzee."

Kweli gharama zikashuka. Lakini kijiti kilisimama pale kama kigingi cha mbuzi, kikaniudhi, na mimi sipangiwi na mtoto katika kiwanja changu, basi nikaking'oa nikakichomeka pembeni, nyuma ya jiwe ninalokalia kutia udhu, pasipoonekana. Nikajiambia ardhi ni ardhi.

Baada ya hapo pampu haikuunguruma tena, nami nikajisifu barazani. Kisha ukoka ukageuka rangi ya mkeka mkongwe, isipokuwa pale jiweni, palipostawi kama mchicha. Nikawaambia watu ile ni baraka ya udhu (watu wazima, na wengine wakaitikia).

Siku ya jawabu la posa wakaja wazee wa Khamis, mbele yao mjomba wake, Mzee Haji wa Mkokotoni. Khamis kawaleta kwa gari, akabaki nje. Salma yuko ndani na mama yake, dirisha wazi, kila neno wanalisikia.

"Basi, mwenzetu, tumefuata jawabu," Mzee Haji akasema.

Badala ya kujibu nikawaonesha ukoka. Nikasema mtu ni kazi yake, na aliyeniulia majani kwa chombo kibovu nitampaje binti. Nikamwita Khamis aje asikie mbele ya wazee wake.

"Labda nikitazame, mzee," akasema, kainamisha kichwa.

"Ushatazama vya kutosha."

Ndani Salma akawa anazuia kilio. Nilikisikia, na bado sikurudi nyuma.

Ikaadhiniwa alasiri. Mzee Haji akaomba maji ya udhu, nikampeleka jiweni, nikamwonesha na ile baraka. Akanawa uso, akaosha mikono, akafika miguuni, kisha akatulia na kopo lake.

"Makame, hiki chuma ninachooga nacho ni nini?"

Bi Mwanaidi akanitangulia dirishani: "Mwambie nani kakihamisha. Nshakwambia usikichokoe, hukusikia."

Hapo ndipo kichwa changu kilipoamka. Kila sala mimi namwaga maji pale, na kila sala kijiti kinapeleka habari kisandukuni kuwa Tunguu mvua imenyesha.

Mzee Haji alicheka mpaka akakaa tena jiweni. "Sasa kibovu ni chombo, au ni nani?"

"Ni mimi," nikasema. "Na Khamis nimemwonea. Kwangu mimi jawabu ni ndiyo, lililobaki ni la Salma mwenyewe."

Sote tukageukia dirishani.

"Kwanza baba akirudishe kijiti mahala pake," Salma akasema.

Nikapiga magoti na kanzu yangu nyeupe, katikati ya ukoka mkavu, wakwe zangu wakinitazama, nikakichomeka kwa mikono yangu miwili. Khamis alitaka kunisaidia, nikamkataza.

Ukoka umerudi, na Salma yuko kwake Fuoni. Kijiti bado kinaniudhi, wageni wanajikwaa nacho, nami sikigusi. Na siku hizi kabla sijaitia ila kazi ya mtu, nauuliza kwanza mkono wangu ulipita wapi. Habari za baraka nimewaachia wenye elimu yake.