Sarafu ya Anyitike Mnadani

Kwa miaka thelathini na moja Anyitike amepuliza tarumbeta la besi katika kanisa moja upande wa Uyole, Mbeya. Amezika watu wengi kuliko mchungaji yeyote, maana wachungaji huhamishwa, besi haihamishwi. Akiitwa msibani huacha jembe kwenye viazi, akaosha miguu, akaenda. Malipo yake ni sahani ya wali na "Mungu akubariki, mzee." Mkewe Apolonia humwambia, "Hizo baraka, siku moja zilete tuzipike."

Mwaka juzi wapiga matarumbeta wa makanisa walikutana Iringa wiki nzima. Alikuwepo mwalimu mgeni, mzee wa Austria, aliyewafundisha namna ya kuvuta pumzi. Siku ya kuagana alimvuta Anyitike kando, akamwekea mkononi sarafu ya fedha tupu, nzito, pana kuliko kizibo cha soda. Upande mmoja kinanda kikubwa cha kanisani, mabomba yake yamesimama kama mianzi. Upande wa pili fidla, kinubi, na tarumbeta lililojikunja kama konokono. Mgeni akaligusa lile tarumbeta kwa ukucha, kisha akamgusa Anyitike kifuani. Kiswahili hakuwa nacho.

Njia nzima kwenye basi Anyitike hakusinzia. Tangu aanze kupuliza, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kumshukuru kwa kupuliza kwenyewe.

Sasa, kwetu kitu cha baraka hupelekwa kwanza madhabahuni. Ibada ikiisha, kuku, mayai, ndizi, vyote hupigwa mnada pale nje, na pesa huingia kanisani. Ukitoa kitu unachokipenda, unakikomboa mwenyewe kwa bei ya heshima; wenzako hunyamaza wakuachie.

"Iweke tu kabatini," Apolonia alimwonya. "Mungu ameshaiona."

"Nataka na watu waione."

Akauza magunia mawili ya viazi, Jumapili akaitoa sarafu madhabahuni, elfu tisini za kuikomboa zikiwa mfukoni.

Dalali alikuwa mzee wa kanisa Filemoni. Aliuza mkungu wa ndizi, akauza jogoo aliyemnyea mkononi, kisha akainua sarafu. "Hii ya Ulaya, ina bendi nzima ndani ila hailii. Elfu kumi, nani?"

"Ishirini," akasema Anyitike. Watu wakanyamaza, kama desturi.

"Thelathini." Huyo ni Mwigulu, mwenye duka la mbolea, aliyehamia kwetu juzijuzi.

Wakapandishana hadi Anyitike akataja tisini.

"Laki," akasema Mwigulu.

Anyitike akapekua mfuko aliokwisha kuupekua.

"Mzee wa besi, vuta pumzi," mmoja akamtania, watu wakacheka.

Filemoni akamwinamia Mwigulu sikioni: sarafu ni ya mzee huyu. Mwigulu akatikisa kichwa kukubali. Mnunuzi anaweza kumzawadia mtu palepale, na hilo nalo ni desturi, basi kila mtu akamgeukia Anyitike. Yeye mwenyewe alishapiga hatua moja mbele.

"Namzawadia mama mchungaji," akasema Mwigulu.

Vigelegele vikapigwa. Anyitike naye akapiga makofi. Ungefanyaje?

Nyumbani Apolonia alimpakulia chakula kama siku zote, na hilo lilimuuma zaidi.

Miezi minne alikusanya, viazi kidogo, kibarua kidogo, hadi laki ikatimia. Akavaa koti lake la misiba, akaenda kwa mchungaji kuomba auziwe sarafu. Mama mchungaji akamfungulia mlango, anacheka, hereni pana zinaning'inia masikioni.

"Karibu mzee. Unaziona? Sonara wa mjini ameiyeyusha ile zawadi, zikatoka mbili. Zimenipendeza?"

Anyitike alizitazama. Zilikuwa laini, hazina hata mchoro.

"Zimekupendeza, mama."

"Ulikuwa na shida gani?"

"Nilikuja kuulizia nyimbo za Jumapili."

Akatajiwa namba za nyimbo nne, akaziandika kwenye kipande cha gazeti, akaaga.