Beti ya Tatu

Fundi alipoacha kutengeneza redio, wanawe walidhani sasa atatulia kibarazani na kunywa chai yake kwa raha. Wapi! Alimwomba mkwewe kompyuta iliyokuwa imewekwa kando, akaweka meza kwenye chumba cha nyuma, na akiwa na miaka sitini na tisa akaanza kujifunza programu ya kurekodi muziki. Mwezi wa kwanza aliitukana kompyuta. Mwezi wa pili wakazoeana. Mwezi wa tatu watu wa mtaani wakaanza kumletea kanda zao za zamani azisafishe, maana nani mwingine angekuwa na subira ya kupangusa ukungu kwenye utepe kwa pamba na spiriti, kidogo kidogo, kutwa nzima?

Kwenye pembe ya chumba hicho ilikaa mashine yake ya kurekodia ya zamani, ile yenye magurudumu mawili makubwa ya utepe, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mkewe, ambaye majirani walimwita Nesi hata baada ya kustaafu, alikuwa ameweka chungu cha maua juu yake. Wajukuu waliijua kama meza ya maua. Fundi hakuwahi kuwasahihisha.

Enzi za ujana wake alikuwa fundi mitambo wa studio moja ndogo, ghorofani juu ya duka la vitambaa, kuta zote zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi. Alifika kabla ya wanamuziki, akasafisha vichwa vya mashine, akaandaa kadi. Kadi zilikuwa ugonjwa wake. Kila wimbo ulipewa ya kwake: tarehe, nani kapiga nini, nani ana mafua, na spidi ya wimbo. Spidi aliipima kwa saa ya mkewe, ile ya kubandika kifuani ambayo manesi huitumia kuhesabu mapigo ya moyo. Alihesabu mapigo ya dramu kwa nusu dakika, akazidisha mara mbili, akaandika. Nesi alimcheka sana.

“Na dawa unawaandikia, au unawapima tu?”

Bendi aliyoipenda kuliko zote ni ile ya rafiki yake wa tangu utotoni, mpiga dramu aliyeitwa Saa. Jina hilo hakulipewa bure. Ungeweza kwenda sokoni ukarudi, ukamkuta palepale ulipomwacha, hajaongeza wala hajapunguza. Mwimbaji alikuwa mke wa Saa, Chiriku, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa ambayo hakuna aliyejua anaiweka wapi. Siku hizo jioni zilikuwa na raha yake. Madirisha ya studio yakifunguliwa baada ya kurekodi, wauza vitambaa wa chini walipiga makofi, na Fundi, ambaye hakuimba wala kupiga chochote, alishuka ngazi akijiona ndiye aliyeimba.

Kisha ukaja wimbo ule. Ulirekodiwa mchana mmoja, mara moja tu, bila kurudia, kwa sababu bendi ilikuwa inajiandaa kwa safari ndefu. Wiki tatu baadaye santuri ikatoka, na kiongozi wa bendi akapanda ngazi akihema, ameibana kwapani.

“Beti ya tatu inazama!” alifoka. “Isikilizeni! Wimbo unatembea vizuri, ukifika hapo unavuta miguu. Nani kaniharibia?”

Wote wakamtazama Saa. Saa akaitazama mashine.

“Mimi na spidi tunajuana,” alisema. “Hiyo itakuwa mashine.”

Basi, yakaisha. Ukiwa na neno la mtu asiyekosea na neno la chuma, utaamini lipi? Fundi mwenyewe alimwamini. Mwezi uliotangulia alikuwa amebadilisha mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu, akaanza kujiuliza kama aliukaza sawasawa. Kiongozi akamwamuru aandike kwenye kadi, na akaandika, kwa mkono wake mwenyewe: *Kasoro: mashine imechoka.*

Aliifungua mashine ile mara tatu, skrubu kwa skrubu. Hakuona kitu, na hilo ndilo lililommaliza. Ubovu ukiuona utautengeneza. Usipouona unauhisi kila mahali. Alianza kusikia nyimbo nzima nzima zikizama. Akawa anawarudisha wanamuziki mara kumi, hadi wakachoka naye. Mwaka haukuisha, akaaga. Mwenye studio akamwambia achukue na mashine yake, maana nani anaitaka iliyochoka? Akafungua kibanda cha kutengeneza redio na hakurekodi tena.

Utani ukabaki. Kwenye kila harusi na kila msiba, lazima atokee mtu: “Fundi, mashine imepona?” Watu wakacheka, naye akacheka nao, akijikaza. Wimbo wenyewe ukipigwa redioni alikuwa anaondoka na kujitafutia shughuli uani. Kwa miaka thelathini na tisa hakuusikiliza mpaka mwisho hata siku moja.

Ndipo Jumatatu moja binti wa Saa akabisha hodi.

“Baba mdogo, shikamoo. Jumamosi baba anatimiza miaka sabini,” alisema, hata kabla hajakaa. “Nimepata vijana wapige muziki pamoja na sauti ya mama, ileile ya kwenye wimbo wao. Ila wanataka spidi kamili, la sivyo watapishana naye.”

Chiriku alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Utamkataliaje mtu ombi kama hilo? Fundi aliipokea kanda ya wimbo uleule kama anapokea barua ya mahakama.

Asubuhi iliyofuata aliingiza wimbo kwenye kompyuta, akabonyeza pale pa kutafuta spidi. Kompyuta ikafikiri, ikaleta jibu: mapigo mia mbili na kumi na mawili kwa dakika.

“Mia mbili!” Fundi aliangua kicheko. “Ewe mwana wewe, mpiga dramu si angezimia!”

Alijua imekosea wapi. Ilihesabu kila mlio wa toazi la dramu, hata ule wa katikati ya mapigo, kama mtoto anayehesabu vidole vya mguu na nafasi zake. Akamwomba Nesi saa yake ya zamani, akahesabu nusu dakika. Hamsini na tatu. Mara mbili, mia moja na sita. Akafungua mkebe wa kadi aliokuja nao kutoka studio, akaichomoa ile aliyoichukia. Mia moja na sita, wino umefifia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akajisikia fahari.

Aliirekebisha kompyuta, akaitaka ichore mstari wa spidi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Beti ya kwanza, mstari umenyooka. Ya pili, umenyooka. Ya tatu ukashuka taratibu hadi tisini na nane, kisha ukapanda tena ukatulia. Ilikuwa kweli, basi. Moyo ulimwuma upya, kama kwamba kiongozi amesimama tena mlangoni na santuri yake.

Lakini safari hii hakukimbilia uani. Akasikiliza. Na alipokuwa anasikiliza gitaa, akausimamisha wimbo.

Mashine ikichoka, utepe ukapita polepole, kila kitu hushuka pamoja: spidi hushuka, na sauti nazo huwa nzito, kama za mtu mwenye mafua. Hili analijua hata mwanafunzi wa wiki moja. Gitaa halikushuka. Aliipima noti yake kabla ya beti ya tatu, ndani yake, na baada yake. Ilikuwa ileile. Akapima tena. Ileile. Angeusikiliza wimbo huu kwa utulivu siku ile ya santuri angegundua, lakini mtu aliyeshitakiwa hasikilizi, anajitetea tu.

“Mama watoto!” aliita kwa sauti iliyomshtua mwenyewe. “Mama watoto, njoo! Haikuwa mashine!”

Nesi akaja na mikono yenye povu. Mstari hakuutazama hata kidogo. Aliinamisha kichwa.

“Hebu rudisha hapo,” alisema. Akasikiliza tena. “Anavuta pumzi kwa mabega. Haiingii chini. Mtoto amemkaba.”

“Mtoto gani?”

“Chiriku alikuwa na mimba ya miezi sita, mzee. Alikuja kliniki kwangu na jina la uongo na magauni mapana. Yule kiongozi alikuwa ameshamfukuza mwimbaji wa kwanza kwa jambo hilohilo. Akanisihi nisimwambie mtu kabla ya safari kwisha, hata wewe.”

“Na wewe ukanyamaza!”

“Siri ya mgonjwa hiyo. Na wimbo wenyewe ulikuwa unaukimbia, ningejuaje kama ndipo palipokuuma?”

Fundi akakaa. Furaha ilimtoka, hasira ikaingia. Kumbe Saa alijua! Alipunguza mwendo kwa makusudi ili mkewe apate pumzi, akaona amtoe kafara rafiki yake. Siku nzima Fundi alitunga maneno ya Jumamosi. Angebeba kompyuta, angesimama mbele ya watu wote, angewaonyesha mstari.

Binti wa Saa alirudi Jumatano.

“Vijana wanasema hapa panayumba,” alisema akinyoosha kidole kwenye kioo. “Eti kompyuta inaweza kupanyoosha?”

“Inaweza. Kubonyeza mara moja tu.”

Akampa kadi asome tarehe. Kisha akaongeza sauti, akampigia beti ya tatu. Pumzi ya Chiriku ikajaa chumbani, fupi, halafu nyingine, na chini yake dramu za Saa zikirudi nyuma kumngoja, hadi akaushika mstari wake akaenda.

“Mama yako hapo anatafuta pumzi,” Fundi alisema. “Hesabu kutoka tarehe hiyo mpaka ulipozaliwa.”

Binti alihesabu kwa vidole. Vilikuwa vitatu. Akaziba mdomo, machozi yakamtoka, na Fundi akamsogezea kiti. Binti ndiye aliyempigia baba yake simu, akaweka spika.

“Baba, niko kwa Fundi.”

“Ahaa!” Sauti ya Saa ilikuwa imezeeka. “Muulize, mashine imepona?”

Fundi akainama karibu na simu. “Haikuwahi kuugua, bwana.”

 Binti akaisogeza simu karibu naye.

“Umejua lini?” Saa akauliza.

“Jana.”

“Wangemtoa, Fundi. Kuimba ndiko kulikokuwa kunamweka hai.”

“Na mimi je? Niliacha kazi, Saa! Niliacha masikio yangu mwenyewe!”

“Najua. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwambia. Nikaja nikakukuta unacheka na watu, nikaogopa.” Akapumua. “Nilikukosea sana, ndugu yangu. Jumamosi nitasema mbele yao wote. Ila nakuomba, hapo usipanyooshe.”

“Nani kakwambia nitapanyoosha?” Fundi alijibu kwa ukali.

Binti alipoondoka na wimbo wake, ukiwa vilevile ulivyorekodiwa, Fundi alishusha chungu cha maua kutoka juu ya mashine, akakikunja kitambaa. Halafu akaketi mezani na ile kadi. Akaukata kwa kalamu mstari aliouandika zamani, na chini yake, kwa mwandiko ambao siku hizi unatetemeka, akaandika: *Mashine nzima. Mpiga dramu alimsubiri mkewe na mtoto.*