Siku Baba Alipolala Chini ya Gari Ukweni

Baba yangu alistaafu ualimu akiwa bado na nguvu nyingi za mikono ambazo chaki haikuwahi kuzimaliza. Shamba letu la kahawa kule Githongo halikumtosha, wala ng'ombe, na hapo ndipo alipoligeukia gari. Lilikuwa stesheni wagon kuukuu, jeupe zamani, na kwa miaka mingi lilikuwa limetupeleka sokoni na kanisani bila kumsumbua mtu. Baba aliliangalia jinsi alivyokuwa akimwangalia mwanafunzi mwenye akili anayeridhika na alama za katikati.

Alianza na taa. Alinunua balbu mjini Meru, nyeupe kama umeme wa radi, akazifunga mwenyewe, na jua lilipokuwa linazama akaziwasha kuzijaribu. Mwanga ulipiga moja kwa moja kwenye banda la kuku. Jogoo wetu akawika, wa jirani akamjibu, na mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza ni nani aliyeleta asubuhi mapema hivyo.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya zizi. Ng'ombe mmoja alipenda sana kumpumulia shingoni akiwa amechuchumaa kufungua gurudumu. Mimi wakati huo nilikuwa mshonaji wa nguo pale Kinoru, mjini Meru, mtu mzima mwenye cherehani yangu na wateja wangu, lakini nikija nyumbani wikendi niligeuka mshika tochi. Baba alisema mtu anayeweza kutia uzi kwenye sindano anaweza kutia nati mahali popote. Nilijua ananisifu ili nisirudi mjini mapema, na bado nilifurahi.

Kisha mvua zikaja, na ile barabara ya udongo mwekundu inayoshuka kwenda kiwanda cha kahawa ikachimbika mashimo. Gari likawa linakwaruza tumbo kila mahali. Baba akaamua kuliinua. Tulitazama kwenye simu yangu video ya kijana mmoja aliyefanya kazi hiyo kwenye sakafu safi, kwa muda wa wimbo mmoja tu. Sisi tuliifanya kwenye matope, tukaanza wakati mkungu wa ndizi nyuma ya kibanda ulikuwa mbichi, tukamaliza tukiwa tunazila. Baba alipata springi nene za nyuma kwa wauza vyuma vikuukuu, na za mbele akaziwekea vipande vya chuma alivyokatiwa na mtu wa kuchomelea. Tuliposhusha jeki, gari halikushuka sana. Lilibaki juu, limeinua makalio, kama mtu aliyeona nyoka.

"Sasa tutapita popote," baba akasema.

"Mimi nitapitia wapi?" mama akauliza. Mama ni mfupi, na siku hizo magoti yake yalikuwa na maneno. Alijaribu kupanda kwa mguu wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto, akajaribu kuingia kinyumenyume. Mwishowe tulimletea kreti la soda akalikanyaga. Kuanzia siku hiyo kreti lilisafiri nasi kama abiria.

Kulikuwa na jambo lingine. Kila tukikanyaga shimo, chini ya gari kulisikika ko-ko-ko.

"Ni chuma kipya kinazoeana na cha zamani," baba alieleza.

"Kinazoeana kwa kupigana?" mama akasema.

Ndivyo mambo yalivyokuwa kaka yangu alipotangaza kwamba amepata mchumba, na kwamba familia ya msichana inatungoja Embu tukajitambulishe. Alitueleza pia, huku akiangalia viatu vyake, kwamba baba ya msichana hakuwa amekubali vizuri. Mzee huyo hakutaka binti yake aolewe mbali, na Meru kwake ilikuwa mbali. Kaka yangu alikuwa ameenda kumsalimia mara kadhaa, na hakuwahi kumwona akicheka.

Tulitoka asubuhi. Wajomba na shangazi walitangulia kwa gari la kukodi, sisi tukafuata: baba kwenye usukani amevaa suti ya kijivu, mama kando yake na kiondo magotini, kaka yangu na mimi nyuma pamoja na kreti. Kona za Chuka zilituyumbusha huku na huku, na kwa sababu ya ule urefu tulihisi kama tumebebwa kwenye machela. Ko-ko-ko haikunyamaza hata kidogo. Kaka yangu aliomba gari liachwe mbali kidogo na boma la wakwe. Baba alikataa. Alisema hawezi kuficha kazi ya mikono yake.

Wanawake wa Embu walitupokea getini kwa wimbo. Mlango wa mama ulifunguliwa, mama akabaki ameketi kule juu na tabasamu la adabu, akingoja. Wimbo ulikwisha. Mimi nilikuwa bado nalitafuta kreti, ambalo lilikuwa limeteleza chini ya kiti. Wakauanza tena wimbo tangu mwanzo, na katikati ya ubeti mama akashuka kama waziri.

Sebuleni viti vilikuwa vimevikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Baba ya msichana alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyestaafu kazi ya posta. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono mgumu, akaketi. Mjomba wangu aliongea kuhusu mvua. Mjomba wao akaongea kuhusu mvua. Mvua ikaisha. Kaka yangu alikuwa anatoa jasho hadi kwenye masikio.

Ndipo yule mzee akamwinamia baba. "Mwalimu, samahani. Hiyo sauti ya gari yako."

Baba alikauka. "Uliisikia?"

"Niliisikia mkiwa bado huko barabarani. Hiyo ni kitu ya mbele, upande wa kushoto."

"Mimi nilidhani ni kulia," baba akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi macho yake yakachangamka.

Wakatoka, eti kutafutia gari kivuli. Mama alinitupia jicho ambalo halihitaji tafsiri, nami nikawafuata. Nilipofika nyuma ya nyumba, walikoliegesha gari letu, nilielewa kila kitu: pale palikuwa na pikapu ya bluu ya mzee imekaa juu ya mawe, boneti wazi, na vyuma vyake vimepangwa juu ya gunia kama samaki sokoni. Tulikuwa tumekuja kwa mgonjwa mwenzetu.

Makoti ya suti yalitundikwa kwenye vioo vya pembeni. Magunia yakatandikwa. Baba alitia mawe nyuma ya magurudumu kama kawaida yake, kisha wazee wawili wakajilaza chali na kupotea huko chini, na gari lilivyokuwa limeinuliwa, waliingia bila jeki. Niliingiza mkono wangu na tochi ya simu.

"Tikisa hapo," mzee akasema. "Hapana, hapo iko sawa. Ngoja." Aliingiza mkono juu ya chuma kipana kinachobeba injini, akapapasa, akatoa kitu.

"Mwalimu, hii ni ya gari, ama ni yako?"

Ilikuwa spana. Mpini wake ulikuwa na utepe mwekundu niliouzungusha mwenyewe. Baba alikuwa ameitafuta kibandani, zizini na hata kwenye gunia la mkaa, na jirani yetu mmoja alikuwa amepoteza ruhusa ya kuazima vitu kwa sababu yake.

Nikaona tumbo la baba linatikisika. Alianza kucheka polepole, na yule mzee ambaye hachekagi akacheka kwa sauti nyembamba ya ajabu, hadi akagonga paji la uso kwenye chuma na kucheka zaidi.

"Tukirudi ndani tuseme ni bush, hii raba ya hapa, imeisha," mzee akasema alipopata pumzi.

"Tuseme ni bush," baba akakubali. Wote wawili wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa, kuapa kwamba sitasema.

Kumbe chakula kilikuwa tayari, na mtu wa kukiombea alikuwa amesimama akingoja wenye siku. Mama na mama ya msichana walitoka kuwatafuta wakakuta viatu vinne vilivyong'arishwa vimechomoza chini ya gari.

"Hata leo?" mama ya msichana akamwambia mumewe.

"Hata huku?" mama naye akamwambia baba.

Wazee wakatoka chini ya gari na vumbi mgongoni. "Ilikuwa bush," baba akatangaza.

"Ilikuwa imeisha kabisa," mzee akaongeza.

"Na mmeweka gani badala yake?" mama akauliza.

Waliangaliana. "Tumeikaza," mzee akasema.

Tulikula mukimo wa viazi na mahindi vilivyopondwa, na nyama, na wazee hao waliketi pamoja wakichoreana springi kwa vidole juu ya kitambaa cha meza. Ilipofika zamu ya mzee kuongea, alisema hajaona sababu ya kuwauliza hawa watu wa Githongo maswali mengi. Akamwita baba muthoni, neno ambalo kwao na kwetu ni lile lile, la mtu ambaye mmeunganishwa na ndoa. Kaka yangu alifuta masikio. Mchumba wake alikimbilia jikoni, na kutoka huko tulisikia vigelegele.

Njiani kurudi gari lilikuwa kimya kabisa. "Huyo mzee wa Embu," mama akasema, "ndiye anajua kazi." Baba akabadilisha gia, akaendelea kuendesha.

Harusi ilifanyika, na wazee wamekuwa wakitembeleana tangu hapo. Mke wa kaka yangu alipojifungua huko Meru, wazee wote wawili waligombania kumleta mtoto nyumbani. Lakini asubuhi hiyo gari letu walikuwa wamelifungua klachi wao wenyewe pale kibandani, nayo pikapu ilikuwa bado juu ya mawe yake Embu. Mtoto alikuja kwa teksi. Babu zake walimpokea mlangoni mikono juu kama watu waliokamatwa na polisi, kwa sababu ilikuwa imejaa grisi, na mama alikuwa amesimama mbele yao na sabuni na beseni, akiwaambia hakuna anayemgusa huyu mpaka yeye aone kucha zao.