Siku Askofu Alinyonya Kanisani

Jamani, leo nimeaibisha askofu mbele ya bibi yake.

Kanisa letu la Anglikana hapa Lodwar lilikuwa linakumbuka historia yake. Wakaniita nisimulie vile lilifunguliwa, miaka ya tisini. Askofu aliyelifungua, sasa ni mzee, alikuwa ameketi mbele na mke wake.

Nikashika maikrofoni, nikaanza.

"Siku hiyo jua ilikuwa kali. Askofu akalia mpaka kwaya ikanyamaza. Nikamnyonyesha, akalala kwa kifua changu."

Mke wa askofu akageuza shingo polepole, akamwangalia mzee.

Sasa, mnajua sisi Waturkana tunaita mtoto kwa jambo lililotokea. Kifungua mimba wangu alizaliwa wiki ile ya ugeni wa askofu, tukamwita Askofu.

Nikajaribu kutengeneza: "Si huyu, mama! Ni ule Askofu wangu wa nyumbani!"

Uwii! Nikaharibu kabisa.

Mwanangu, dereva wa lori za Kakuma, akasimama huko nyuma na ndevu zake.

"Mama, waambie Askofu ni mimi!"

Kanisa likaanguka kwa kicheko.

Mzee akafuta jasho. "Asante, kijana. Hata mimi nilikuwa nimeshaanza kutubu."

Sasa niambieni, Jumapili nitaingia na uso gani?